Karatasi Hailiwi

Desemba tulikuwa tumeketi nje ya duka moja Keroka, mimi, baba mdogo na majirani zake wawili, tukigawanya wizara. Uchaguzi ni Agosti 2027. Wagombea hawajaidhinishwa, karatasi za kura hazijachapishwa, lakini pale kwenye benchi Gusii ilikuwa tayari imepata wizara mbili, ubalozi mmoja na shirika la serikali ambalo hakuna aliyekumbuka jina lake vizuri. Kilichobaki ni kujua tu nani atashinda, ili tujue tunaingia kwake kwa mlango gani.

Nikauliza: tukiingia, tunaingia kwa mkataba upi? Umeandikwa wapi, na nani ameusoma?

Baba mdogo akanitazama kama mtu aliyeagiza chai ya rangi kwenye arusi. "Kijana wangu," akasema, "karatasi hailiwi."

Wakacheka wote. Nami nilicheka, maana nilikuwa nimenunuliwa soda. Lakini nimekuwa nikibishana naye kichwani tangu siku ile, na sasa nataka kubishana naye hadharani, kwa heshima zake zote, kwa sababu naamini sentensi hiyo ndiyo imetufanya sisi wa Kisii na Nyamira tukaribishwe kwenye kila serikali ya mseto na tusishibe hata mara moja.

Tuanze na Omogaka mwenyewe. Mwaka 2002 Simeon Nyachae aligombea urais kwa FORD-People. Nchi nzima ilimpa nafasi ya tatu, nyuma ya Kibaki na Uhuru, lakini huku kwetu alifagia. FORD-People ikapata viti 14 bungeni. Waliompigia kura walijua wanachofanya: walikataa KANU, wakakataa NARC, wakachagua kukaa upinzani na mtu wao. Ulikuwa uamuzi mgumu, upende usipende. Juni 2004 Kibaki, aliyekuwa amekosana na wenzake wa NARC, akahitaji watu wa kujazia serikali. Akamwita Nyachae, akampa Wizara ya Kawi. Chama cha upinzani kikaamka kikiwa serikalini.

Je, kuna mkutano wowote ambapo mwanachama wa kawaida wa FORD-People, mama wa Nyamache au mkulima wa Ekerenyo, aliulizwa kama anataka kuhama upande? Wakubwa waliongea na wakubwa, sisi tukaambiwa tumekumbukwa. Desemba 2007 watu wa Nyaribari Chache walipopata nafasi ya kujibu, walimtoa. Waziri mzima, jina kubwa kuliko yote Gusii, alipoteza kiti chake cha ubunge. Wazee hupenda kusema hapo tulikosa shukrani. Mimi naona lilikuwa jibu la swali ambalo halikuulizwa miaka mitatu nyuma.

Uchaguzi huo huo wa 2007 ndio uliotuletea nusu mkate, na hapa lazima niende polepole, kwa sababu kuna watu walikufa.

Jioni ya Desemba 30 Samuel Kivuitu alimtangaza Kibaki mshindi, na Kibaki akaapishwa giza likiingia. Tume ya Kriegler ilipokuja kuchunguza ilisema hesabu zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Bungeni ODM ilikuwa na viti 99 na PNU 43. Yaani rais wa upande mmoja, bunge likiegemea upande mwingine, na barabarani mapanga. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mpaka wetu wa Borabu na Sotik uliwaka, nyumba zikateketea, watu waliokuwa wakiuziana maziwa na mahindi wakawindana. Wakisii waliokuwa wakiishi Bonde la Ufa walirudi na magodoro kichwani. Nilikuwa darasa la pili. Kwetu walilala watu kumi na mmoja katika vyumba viwili, na mama alikuwa akipika chinsaga kwenye sufuria la kanisa.

Kwa hiyo asije mtu kuniambia sijui mseto ulituokoa na nini. Kofi Annan aliwakalisha, Februari 28, 2008 Kibaki na Raila wakatia saini pale Harambee House, na mapigano yakapungua. Hilo nalikubali kwa mikono miwili. Kama ningekuwa mtu mzima siku ile ningewapigia makofi.

Shida ni kilichofuata. Kutoka ile saini hadi baraza la mawaziri kutangazwa Aprili 13 ilichukua wiki sita, na wiki hizo hazikuliwa na mabishano kuhusu waliolala vyumbani kwetu. Ziliisha wakibishana nani achukue wizara gani. Suluhu ikawa kuongeza viti: mawaziri 40, wengi kuliko ilivyowahi kuwa nchini. Gusii haikusahaulika. Sam Ongeri akapata Elimu kwa upande wa Kibaki, Chris Obure akapata Ujenzi wa Umma kwa upande wa Raila. Pande zote mbili! Tulisherehekea kweli.

Waliofurushwa je? Mpango wa serikali wa kuwarudisha makwao, Rudi Nyumbani, uliahidi shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa nyumba iliyochomwa. Lakini mpango ulijengwa kwa ajili ya watu walio kambini, kwenye mahema yanayoonekana na kamera. Wengi wa watu wetu hawakuwa kambini. Walikuwa kwa shangazi, kwa baba mdogo, kwenye vyumba viwili vya watu kumi na mmoja. Mkimbizi anayelala kwa ndugu hana hema la kuhesabiwa. Miaka minane baadaye, uchaguzi wa 2017 ukinukia, bado fedha zao zilikuwa hotuba ya jukwaani. Na wakati wote huo tulikuwa na "watu wetu" mezani, wawili, mmoja kila upande wa mkate.

Sasa angalia kitu cha ajabu. Mkataba wa Annan ulikuwa na ajenda nne. Katiba mpya ilikuwa kwenye ile ya nne, imeandikwa, ina muda, ina mashahidi. Ilichelewa, ikavutwa huku na huku, lakini ilifika, na Agosti 4, 2010 Wakenya wakaipigia kura, asilimia 67 wakasema ndiyo. Kati ya yote ambayo mseto ule ulifanya, hicho ndicho bado tunakishika mkononi tukienda mahakamani. Kiliandikwa, kisha kikaletwa kwetu tukipigie kura. Yaliyoachwa kwa maelewano ya wakubwa wawili, kama fidia, ardhi na mahakama ya ndani ya kuwahukumu waliopanga mauaji, yalioza. Ile mahakama bunge liliiangusha Februari 2009.

Baba mdogo, hiyo ndiyo karatasi ninayosema. Hailiwi, sawa. Lakini ndiyo pekee iliyobaki baada ya mkate kuisha.

Kuna siku moja ya mseto ule ambayo ingefaa kufundishwa shuleni. Februari 14, 2010, siku ya wapendanao, Waziri Mkuu Raila alitangaza kuwasimamisha kazi mawaziri wawili kwa miezi mitatu ili uchunguzi ufanyike: William Ruto wa Kilimo, kwa sakata ya mahindi, na Sam Ongeri wa Elimu, kwa sakata ya fedha za elimu ya bure. Uingereza ilikuwa tayari imesimamisha msaada wake wa elimu kwa sababu ya fedha hizo. Siku hiyo hiyo Kibaki akasema Waziri Mkuu hana mamlaka hayo, mawaziri wabaki kazini. Basi. Wakabaki.

Fikiria hilo. Serikali ya watu wawili ilikuwa na karibu miaka miwili, na haikuwa imekubaliana nani anaweza kumsimamisha waziri. Ni swali la kwanza ambalo hata kikundi cha chama cha kina mama Suneka kinaliandika kwenye katiba yake: mweka hazina akishukiwa, nani anachukua daftari? Wao walikuwa na Jamhuri na hawakuandika.

Huku kwetu swali halikuwa hata hilo. Sikuwahi kusikia mtu mzima akiuliza fedha za vitabu zimeenda wapi. Niliyosikia, nikiwa mtoto wa kusikiliza mazungumzo ya wakubwa, ni kwamba Raila anamwonea mtu wetu. Sisemi Ongeri aliiba. Hajahukumiwa na mahakama yoyote. Nasema vitabu vilivyopotea vilikuwa vya watoto wetu pia, sisi tukalinda kiti.

Na kiti chenyewe ni cha Elimu. Hapa nisamehe nikipandisha sauti kidogo. Ongeri alikuwa Elimu kuanzia 2008 hadi 2012. Fred Matiang'i, mtoto wa Borabu, akaishika mwishoni mwa 2015 hadi alipohamishiwa Usalama wa Ndani. Ezekiel Machogu akaipata 2022. Ruto alipovunja baraza Julai 2024, Machogu akaenda na nafasi ikachukuliwa na Julius Ogamba, Mkisii mwingine. Serikali nne tofauti, marais watatu, wizara moja inarudi mlango ule ule. Kama hoja ya "mtu wetu" ingekuwa kweli, Gusii ingekuwa na shule za kuonea wivu na hakuna mtoto angerudishwa nyumbani kwa karo. Nenda Daraja Mbili siku ya soko katikati ya muhula, hesabu walio na umri wa kuwa darasani wakibeba ndizi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilimshinda baba na mimi nikashindwa kumtazama akiuza ng'ombe wa mwisho. Simlaumu waziri yeyote kwa hilo, wala sidhani kuna waziri angejua jina langu. Lakini usiniambie kwamba nilipaswa kujisikia nimewakilishwa.

Nataka kukupeleka mbali kidogo, kwa sababu huwa tunaambiwa kwamba mseto kwa asili yake ni hivi, wakubwa hujifungia chumbani na hakuna njia nyingine.

Februari 2020 Ireland ilipiga kura na hakuna aliyeshinda. Bunge lao lina viti 160 wakati huo. Fianna Fáil wakapata 38, Sinn Féin 37, Fine Gael 35. Fianna Fáil na Fine Gael walikuwa mahasimu tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1920, fikiria uhasama unaorithishwa hadi wajukuu, kitu tunachokielewa sana sisi. Hawakugawana wizara wiki ile. Walikaa zaidi ya miezi minne, corona ikiwa imefunga nchi, wakaandika mpango wa serikali wakiwa na Chama cha Kijani: nyumba, hali ya hewa, afya, hata tarehe ambayo waziri mkuu wa kwanza atampisha wa pili. Kisha, na hapa ndipo nataka uangalie, wakaupeleka kwa wanachama. Wanachama wa kawaida wa Fianna Fáil na wa Chama cha Kijani, wanaolipa ada, wakaupigia kura, na Fine Gael wakaupigia kupitia wabunge, madiwani na wajumbe wao. Fine Gael asilimia 80 wakasema ndiyo, Fianna Fáil 74. Chama cha Kijani kilijiwekea sharti la theluthi mbili, wakabishana hadi jasho, wakafikisha 76. Ndipo Micheál Martin akawa waziri mkuu, Juni 27. Desemba 2022 akampisha Leo Varadkar kama ilivyoandikwa.

Ireland si mbinguni. Sinn Féin walipata kura nyingi za chaguo la kwanza kuliko chama chochote na wakaachwa nje, na vijana wenzangu wa Dublin bado wanalia kodi ya nyumba. Mkataba mzuri hauzuii serikali kushindwa. Unachofanya ni kwamba ikishindwa, kuna ukurasa wa kuwaonyesha.

Sasa rudi kwetu uone mpangilio. Juni 2024 vijana waliingia barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, Kisii mjini pia, maduka yakafungwa na moshi ukapanda. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo zaidi ya 60 nchini. Hatukuomba mseto. Hakuna bango niliyoliona Kisii lililosema "ODM wapewe Hazina." Lakini Julai Ruto akawateua Mbadi, Joho, Oparanya, Wandayi, na Agosti wakaapishwa. Serikali Jumuishi ikawa imezaliwa. Mkataba wa UDA na ODM wenye hoja kumi ulitiwa saini KICC Machi 7, 2025. Hesabu mwenyewe. Viti Agosti, karatasi Machi. Kwanza walikula, miezi saba baadaye wakaandika walichokuwa wamekuja kufanya mezani.

Nitakuwa mkweli: hoja zile kumi si mbaya. Kulipa fidia waliouawa na kujeruhiwa kwenye maandamano imo. Kupunguza ubadhirifu imo. Lakini mwanachama wa ODM wa Kitutu Chache hakuulizwa kitu, na Oktoba 2025 Raila akafariki. Tangu hapo chama kinavutana: wengine wanasema tubaki, wengine wanasema tutoke, kila mmoja akidai anajua Baba alitaka nini. Wanabishana juu ya nia ya marehemu kama familia isiyo na wosia. Kama wanachama wangeupigia kura mkataba ule, ungekuwa wao. Ulikuwa wa mtu mmoja na akaondoka nao.

Azimio nao wasijifiche hapa. Mwaka 2022 vyama vilivyomo ndani ya muungano wenyewe vililalamika kwamba havijaona nakala ya mkataba vilivyosaini. Wiper ilikuwa ikiulizia karatasi yake kama mtu anayeulizia kitambulisho Huduma Centre. Baada ya uchaguzi, wabunge 14 wa vyama vilivyokuwa chini ya Azimio wakahesabiwa upande wa Kenya Kwanza, Spika Wetang'ula akasema Kenya Kwanza ndiyo yenye wengi, 179 kwa 157. Ilichukua hadi Februari 2025 Mahakama Kuu kusema uamuzi ule ulikiuka katiba. Kisii na Nyamira zilikuwa zimempa Raila kura nyingi kuliko Ruto, na miaka miwili na nusu ikapita kabla mahakama kusema nani alikuwa wengi bungeni.

Najua jibu litakalokuja, maana baba mdogo alinipa pale pale Keroka. Sisi ni wachache, alisema. Mlima una kura, Bonde lina kura, sisi tuna kaunti mbili. Mchache hawezi kukaa nje ya serikali akisubiri karatasi, ataachwa na baridi. Ni hoja nzito, siichezei. Lakini mchache ndiye anayehitaji karatasi zaidi. Mwenye kura milioni nyingi akisahauliwa anaweza kutisha. Sisi tukisahauliwa tunaenda kumtembelea waziri wetu nyumbani kwake Krismasi tukiimba, na yeye anatugawia unga. Mkulima wa chai wa Nyamira anapokea bonasi ya chini kwa kilo kuliko mwenzake wa mashariki ya Bonde la Ufa, mwaka baada ya mwaka. Hebu weka hilo kwenye mkataba, kwa tarehe, kwa takwimu. Weka mpaka wa Borabu. Weka hata Keroka yenyewe, ambapo kaunti mbili zinagombania ushuru wa soko moja na mwenye kibanda hajui amlipe nani. Mgombea atakayekataa kuandika hayo Julai, akiwa anatafuta kura, Septemba atayakumbukaje?

Na sasa Matiang'i anautaka urais. Ninajua moyo wa Gusii unavyodunda, wangu pia unadunda, sitajifanya. Pengine atashinda, pengine atafika mezani na kura zetu mkononi kama Nyachae wa 2004. Kwake ningependa kuuliza kile kile ningemuuliza Ruto, Kalonzo au yeyote atakayetua Gusii Stadium na helikopta. Sheria ya Vyama vya Siasa inasema mkataba wa muungano uwekwe kwa Msajili. Utauweka lini? Utauchapisha kwa Kiswahili na Ekegusii? Wanachama wa chama chako hapa Kisii, wenye kadi, watapiga kura kuukubali au kuukataa kabla hujataja jina la waziri hata mmoja? Na baada ya uchaguzi, ukihitaji kuungana na uliyekuwa unamtukana, utarudi kutuuliza tena?

Hayo ni maswali manne. Yanatosha kwenye nyuma ya tiketi ya matatu, nimeshajaribu.

Wiki iliyopita nilimpigia baba mdogo simu kumwambia nimeandika kuhusu yeye. Akauliza nimemwandika vizuri. Nikamsomea maswali. Akanyamaza kidogo, nikasikia redio nyuma yake, halafu akasema mkutano wa chama eneo lao ni Jumamosi ya pili ya mwezi, kanisani, saa nane, na kwamba hana shida kuyauliza mradi nimtumie yakiwa yameandikwa kwa herufi kubwa, kwa sababu miwani yake ilivunjika.